Goti Bandia na Maumivu Yasiyokwisha: Mhadhara Kuhusu Maisha Baada ya Upasuaji Katika Nchi ya Milima

Utangulizi

Upasuaji wa kubadilisha goti umewarudishia watu wengi uwezo wa kutembea, na sifa hiyo haipaswi kupunguzwa. Hata hivyo, sehemu ya wale wanaofanyiwa upasuaji huo hubaki na maumivu, ukakamavu, uvimbe au udhaifu wa mguu kwa miezi na hata miaka baada ya mshono kufunga, na jambo hilo huelezwa kwa uchache kabla ya upasuaji na kushughulikiwa kwa uchache zaidi baada yake. Mhadhara huu unawahusu watu hao: unaeleza maumivu yao yanatoka wapi, yanachunguzwaje, ni yapi yanayotaka hospitali haraka na ni yapi yanayotaka subira, mazoezi na msaada wa nyumbani.

Mahali pa kutazamia suala hili ni Kifaru, kando ya barabara kuu itokayo Moshi kuelekea Same, chini ya Milima ya Upare ya Kaskazini, katika nchi ambayo hadi mwaka 1979 ilikuwa wilaya moja ya Pare kabla ya kugawanywa kuwa Same na Mwanga. Upande mmoja wa barabara hiyo kuna tambarare kavu ya mashamba na malisho. Upande wa pili milima inapanda kuelekea Ugweno na Usangi, na kusini zaidi inaendelea hadi Mbaga, Gonja, Suji na Chome, ambako kilele cha Shengena kinafikia mita 2,462. Mtu anayeishi hapa hupanda na kushuka ili afike shambani, kisimani, kanisani, msikitini na msibani, na kwa hiyo goti lake linapewa kazi ambayo vitabu vingi vya tiba, vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa lami na ngazi zenye vishikizo, havikuifikiria.

Hoja ya mhadhara ni kwamba maumivu yanayobaki baada ya kubadilishiwa goti ni hali ya kitabibu yenye jina lake, vipimo vyake na matibabu yake, hivyo anayeumwa anastahili kuchunguzwa, na si haki aambiwe avumilie tu au aachwe ajitafutie nafuu kwenye duka la dawa. Hoja hiyo inazaa nyingine, kwamba mafanikio ya upasuaji yapimwe kwa kazi ambayo mgonjwa anaweza kuifanya nyumbani kwake, pamoja na picha ya eksirei inayoonekana hospitalini.

Goti na jinsi linavyobadilishwa

Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi, yaani mfupa mkubwa wa mguu chini ya goti, huku kilegesambwa, kile kifupa cha mviringo kilichoko mbele, kikiteleza juu ya mfupa wa paja kila mguu unapokunjwa. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, tishu laini na yenye utelezi inayoizuia mifupa isisuguane, na kiungo kizima hushikiliwa na kano pamoja na misuli ya paja. Gegedu inapolika, mifupa hubanana, kingo zake huota vinundu, kiungo huvimba na mguu mara nyingine hupinda. Hali hiyo, ambayo wengi huiita kusagika kwa magoti, huletwa na umri, uzito mkubwa, majeraha ya zamani, urithi na miaka mingi ya kazi nzito. Wengine huharibikiwa na goti kwa baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe. Kaskazini mwa Tanzania kuna pia tatizo la madini ya floraidi, ambayo yakizidi katika maji ya kunywa tangu utotoni yanaweza kuidhuru mifupa na kuipinda miguu, na mguu uliopinda kwa kiasi kikubwa humpa daktari kazi ngumu zaidi ya kuunyoosha siku ya upasuaji.

Wazo la kuweka goti bandia ni la zamani. Mwaka 1890 daktari Themistocles Gluck wa Berlin aliweka viungo vya pembe za ndovu kwa wagonjwa ambao magoti yao yalikuwa yameharibiwa na kifua kikuu, lakini maambukizi yaliishinda kazi yake. Goti la kisasa lilipata sura yake mjini New York katika miaka ya 1970, wakati John Insall na wenzake walipotengeneza kiungo chenye kofia ya chuma juu ya mfupa wa paja, bamba juu ya mfupa wa muundi na kipande cha polietilini, ambayo ni plastiki ngumu, kati yake, vyote vikishikizwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Nchini Tanzania upasuaji huu hufanywa na madaktari bingwa wa mifupa katika hospitali kubwa, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, ndiyo taasisi ya umma inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Kwa watu wa Upare, hospitali kubwa ya karibu ni ya rufaa ya kanda, KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Kuhusu uimara wa kiungo chenyewe, habari ni njema. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la tiba la The Lancet ulikadiria kwamba takriban magoti 82 kati ya 100 yaliyobadilishwa kikamilifu hudumu miaka 25. Lakini msomaji wa takwimu hiyo anapaswa kujua jinsi ilivyohesabiwa: goti huhesabiwa kuwa limedumu maadamu halijatolewa na kuwekwa jingine, hata kama mwenye goti halali usiku. Chuma kinaweza kukaa imara mahali pake na mtu akaendelea kuteseka, na pengo hilo kati ya afya ya chuma na afya ya mtu ndilo linalochunguzwa hapa.

Maumivu ya kudumu: maana yake na ukubwa wake

Maumivu ya wiki za mwanzo ni ya kawaida, kwa kuwa mfupa umekatwa na misuli imesukumwa kando, na goti linaweza kuwa na joto na uvimbe kiasi kwa miezi kadhaa bila kuwa na ugonjwa. Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa kati ya mwezi wa 3 na wa 6, na nafuu ndogo huendelea hadi mwaka mmoja au zaidi. Ili kutenganisha uponaji wa kawaida na tatizo, wataalamu wamekubaliana kuyaita maumivu ya kudumu baada ya upasuaji yale yaliyoanza au kuongezeka baada ya upasuaji na kuendelea kwa muda wa miezi 3 au zaidi, pasipo sababu nyingine inayoyaeleza vizuri zaidi. Shirika la Afya Duniani limeyaingiza katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022; maana yake ni kwamba daktari anaweza kuyaandika kwenye faili la mgonjwa kama ugonjwa kamili.

Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na watafiti wa Bristol, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba kati ya asilimia 10 na 34 ya waliobadilishiwa goti walikuwa na maumivu ya kuwasumbua muda mrefu baadaye. Wengi hufupisha matokeo ya namna hii kwa kusema kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano haridhiki. Hesabu hizo zilitoka kwa sehemu kubwa katika nchi tajiri, ambako mgonjwa ana mtaalamu wa fiziotherapia karibu na choo cha kukaa nyumbani.

Baadhi ya watu wana hatari kubwa zaidi ya kubaki na maumivu: wale waliokuwa na maumivu makali sana kabla ya upasuaji, wale wanaoumwa sehemu nyingine nyingi za mwili, wenye sonona au hofu kubwa, na wale ambao maumivu ya siku za mwanzo hayakudhibitiwa vizuri. Sababu mojawapo ni kwamba mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo, vikipokea ishara za maumivu kwa miaka mingi, huongeza wepesi wa kuzihisi, kiasi kwamba chanzo kinapoondolewa mfumo wenyewe huendelea kutoa maumivu kwa mguso mdogo. Maumivu ya namna hii ni ya kweli kama yale ya jeraha, na mgonjwa anayeambiwa kwamba yako kichwani mwake tu anadhulumiwa, kwa sababu elimu ya mwili inaonyesha yanavyozalishwa.

Vyanzo vinavyopaswa kutafutwa

Kabla maumivu hayajaitwa ya mfumo wa fahamu, vyanzo vingine vinapaswa kutafutwa kwa utaratibu, na cha kwanza kwa uzito ni maambukizi. Haya huwapata takriban mtu mmoja au wawili kati ya 100, lakini madhara yake ni makubwa kuliko ya tatizo lingine lolote la goti bandia. Bakteria wakifika kwenye chuma hujijengea utando unaowakinga dhidi ya dawa na dhidi ya chembe za kinga za mwili, ndiyo maana vidonge peke yake haviwezi kuwamaliza. Maambukizi yanaweza kutokea wiki chache baada ya upasuaji, kwa mshono kutoa majimaji au usaha, goti kuwa jekundu, la moto na kuuma zaidi badala ya kupungua. Yanaweza pia kuja miaka mingi baadaye, bakteria wakisafiri katika damu kutoka kwenye jino lililooza, jipu au kidonda cha mguu. Wenye kisukari kisichodhibitiwa, uzito uliozidi sana, upungufu wa kinga au mazoea ya kuvuta sigara wamo katika hatari zaidi.

Hapa pana kanuni moja ambayo kila mgonjwa, kila ndugu na kila mhudumu wa zahanati anapaswa kuijua: goti bandia linaloshukiwa kuwa na maambukizi linapaswa kuchukuliwa majimaji yake kwa sindano na kupelekwa maabara kabla ya kuanza antibiotiki, isipokuwa mgonjwa awe na homa kali na hali mbaya inayohatarisha maisha. Antibiotiki zikitangulia, bakteria hujificha, maabara haioni kitu, uvimbe hupungua kwa siku chache, na tatizo hurudi baadaye likiwa limezama. Likigunduliwa mapema, daktari anaweza kufungua goti, kuliosha na kubadilisha kile kipande cha plastiki. Likichelewa, mara nyingi goti lote hutolewa, saruji yenye dawa huwekwa kwa muda, na baada ya wiki au miezi goti jingine huwekwa kwa upasuaji wa pili. Tofauti kati ya njia hizo mbili kwa familia ya mkulima ni tofauti kati ya msimu mmoja wa kilimo na mwaka mzima.

Hatari nyingine ya haraka ni damu kuganda katika mishipa ya mguu, hasa katika wiki za mwanzo. Kigimbi kikivimba na kuuma upande mmoja, au mtu akipata ghafla upungufu wa pumzi na maumivu ya kifua, hospitali ni ya saa ile ile, kwa kuwa bonge la damu linaweza kuhamia kwenye mapafu na kuua.

Kundi la pili la vyanzo ni la ufundi wa kiungo chenyewe. Goti linaweza kukakamaa kwa sababu makovu yamejaa ndani yake, na hali hiyo ikigunduliwa ndani ya wiki 6 hadi 12 za mwanzo daktari anaweza kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi na kulikunja goti kwa mikono ili makovu yaachie. Kadiri muda unavyopita, ndivyo njia hiyo inavyopoteza nguvu. Goti linaweza kukosa uthabiti kwa sababu kano hazikusawazishwa, na mgonjwa akaeleza kwamba mguu unamponyoka anaposhuka mteremko. Kilegesambwa kinaweza kuteleza vibaya na kuleta maumivu ya mbele mtu anapoinuka kitini. Tena, baada ya miaka, vipande vinaweza kulegea kwenye mfupa, na dalili yake ya kawaida ni maumivu mapya yanayoanza kila mguu unapokanyaga chini katika goti lililokuwa limetulia kwa muda mrefu. Mambo haya hutambuliwa kwa kumpima mgonjwa kwa mikono na kwa kulinganisha picha za eksirei za miaka tofauti, jambo linaloonyesha kwa nini picha ya kwanza baada ya upasuaji inapaswa kutunzwa nyumbani kwa uangalifu ule ule anaotunza mtu hati ya shamba.

Kundi la tatu ni la mishipa ya fahamu. Ganzi upande wa nje wa kovu ni jambo la kawaida sana, kwa sababu tawi dogo la mshipa wa fahamu wa ngozi hukatwa wakati wa kufungua goti, na mgonjwa asiyeambiwa hilo mapema huishi na hofu isiyo na msingi. Maumivu ya kuungua au ya kupigwa kama umeme, pamoja na ngozi kutovumilia hata kuguswa na kanga, huashiria kwamba mshipa wa fahamu umeumia, na hayo yanahitaji dawa za aina nyingine, kama amitriptilini kwa dozi ndogo, ambazo hutolewa na daktari. Mguu kushindwa kunyanyua wayo ni dalili nzito zaidi, na inapaswa kuonwa na daktari bila kuchelewa.

Mwisho, goti linaweza kuuma bila kuwa na kosa. Nyonga iliyosagika hupeleka maumivu gotini, na mgongo uliobana mshipa wa fahamu hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa anayeendelea kuumwa baada ya goti kubadilishwa vizuri anapaswa kupimwa nyonga na mgongo kabla mtu yeyote hajazungumzia kulifungua goti tena. Uzoefu wa madaktari bingwa duniani unakubaliana katika jambo moja: kurudia upasuaji kwa sababu ya maumivu ambayo chanzo chake hakikupatikana mara chache sana huleta nafuu, na mara nyingi huongeza madhara. Uchunguzi basi ni kinga, kwa kuwa humwokoa mgonjwa na kisu kisichohitajika kama unavyomwokoa na maambukizi yaliyofichika.

Goti katika maisha ya Upare

Watafiti wa Berlin waliowawekea wagonjwa wachache magoti bandia yenye vipimo vya nguvu ndani yake walichapisha mwaka 2010 matokeo yanayowahusu moja kwa moja watu wa milimani: mtu anapotembea mahali tambarare goti lake hubeba takriban mara 2.6 ya uzito wa mwili wake, anapopanda ngazi hubeba zaidi ya mara 3, na anaposhuka hubeba karibu mara 3.5. Kushuka, ambako wengi hudhani kuwa ndiyo sehemu nyepesi ya safari, ndiko kunakolitesa goti zaidi, na mwanamke anayeshuka kutoka shamba la mlimani na mzigo wa ndizi au tangawizi kichwani huongeza uzito huo juu ya ule alionao.

Upeo wa kukunja nao una uzito wake. Kutembea tambarare huhitaji goti likunjwe kiasi kidogo, wastani wa nyuzi 60 hadi 70, na kuinuka kitini huhitaji zaidi ya nyuzi 90. Lakini kuchuchumaa kikamilifu, kwenye choo cha shimo au mbele ya mafiga, huhitaji nyuzi 130 na kuendelea, ambazo magoti mengi ya bandia, hata yaliyofanikiwa, hayafiki. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuambiwa kliniki kwamba goti lake ni zuri, na maneno hayo yakawa kweli kwa kipimo cha kliniki, kisha akarudi nyumbani na kushindwa kukaa kwenye kigoda kwa saa ambazo makande yanaiva, kushindwa kukaa mkekani kwenye msiba, na kuogopa kwenda chooni usiku.

Kushindwa huko kuna gharama ya kijamii. Kidonda kimefunga, chuma hakionekani, na jirani anayemwona mtu huyo akitembea barabarani asubuhi haelewi kwa nini jioni hakutokea kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba mfereji au kutengeneza barabara ambayo kwa Wapare ni kipimo cha uungwana wa mtu. Mgonjwa mwenyewe, ambaye huenda ukoo mzima ulichangishana ili afanyiwe upasuaji, huona haya kusema kwamba bado anaumwa, kwa sababu kusema hivyo kunafanana na kukosa shukrani. Ukimya huo unadhuru mara mbili: humnyima mtu faraja, na humchelewesha kufika hospitali hata pale maumivu yanapokuwa dalili ya maambukizi.

Mabadiliko madogo ya nyumbani husaidia sana, na mengi hayahitaji fedha nyingi. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu la choo humwondolea mgonjwa kuchuchumaa. Jiko lililoinuliwa juu ya meza ya matofali humwezesha kupika akiwa amesimama au amekaa kwenye kiti kirefu. Fimbo hushikwa upande wa mguu mzima, kinyume na wengi wanavyofanya, kwa kuwa hivyo ndivyo inavyolipunguzia mzigo goti lililopasuliwa. Mtu akipanda hutanguliza mguu mzima, na akishuka hutanguliza mguu uliopasuliwa. Mto hauwekwi chini ya goti wakati wa kulala, ingawa huleta raha, kwa sababu goti linalolala limekunjwa huzoea hali hiyo na kushindwa kunyooka. Kwa ibada, mgonjwa anaweza kusali akiwa ameketi, ruhusa ambayo Uislamu umempa asiyeweza kusimama au kusujudu, na ambayo hakuna kanisa linalomnyima mgonjwa.

Dawa na mipaka yake

Parasetamoli kwa dozi iliyoandikwa ni salama kwa wengi na inastahili kuwa ya kwanza. Dawa za kundi la diklofenaki na ibuprofeni hupunguza uvimbe pamoja na maumivu, lakini zikimezwa kila siku kwa miezi huweza kuleta vidonda vya tumbo na kutokwa damu, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu, na hatari hizo ni kubwa zaidi kwa wazee, ambao ndio wengi wa waliobadilishiwa magoti. Dawa kali za jamii ya afyuni, kama tramadoli na mofini, zina nafasi yake katika siku za mwanzo chini ya uangalizi. Zikiendelea kwa miezi hupoteza nguvu, hufunga choo, humlevya mzee akaanguka, na mwili hukataa kuziacha.

Ni rahisi kuelewa kwa nini mtu wa Kifaru huanzia kwenye duka la dawa: duka liko karibu, hospitali ni nauli, foleni na siku nzima ya kazi iliyopotea. Lawama kwa mgonjwa hazitabadilisha hesabu hiyo. Kinachoweza kuibadilisha ni muuza dawa aliyefundishwa kuuliza swali moja, kama mteja ana chuma gotini, na kumwelekeza kituo cha afya badala ya kumuuzia antibiotiki pale goti linapokuwa la moto na lenye uvimbe mpya.

Matunzo yanayomfuata mgonjwa

Uingereza imetoa mfano unaofaa kutafakariwa. Katika utafiti uitwao STAR, uliofanyika katika hospitali nane na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2022, wagonjwa waliokuwa bado na maumivu ya kuwasumbua miezi 3 baada ya kubadilishiwa goti waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja liliendelea na huduma ya kawaida. La pili lilipewa saa moja ya kuchunguzwa kwa kina na mhudumu aliyefunzwa, likaelekezwa kwa daktari wa upasuaji, fiziotherapia, tiba ya maumivu ya mishipa ya fahamu au msaada wa sonona kulingana na kilichoonekana, kisha likafuatiliwa kwa simu. Baada ya mwaka mmoja kundi la pili lilikuwa na maumivu madogo zaidi, na huduma hiyo haikuonekana kuwa mzigo wa gharama. Nguvu yake haikutoka kwenye mashine mpya. Ilitoka kwenye kuuliza kwa wakati, kutafuta chanzo na kutomwacha mtu baada ya kumwelekeza.

Mambo hayo matatu yanawezekana katika Milima ya Upare. Zahanati na vituo vya afya vipo vijijini, wahudumu wa afya ngazi ya jamii huzipitia kaya, na simu ya mkononi imefika hadi vijiji vya juu. Moshi ina utaalamu mkubwa wa viungo: pamoja na KCMC, kipo chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981 kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia mwili, ambacho wahitimu wake wamefanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Watafiti wa Kilimanjaro, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow, wameshaanza kuchunguza mzigo wa magonjwa ya viungo katika mkoa huu, na swali la maisha baada ya upasuaji linaweza kuingizwa katika kazi ya namna hiyo. Kinachohitajika ni uzi unaounganisha vitu hivi: barua ya kutoka hospitali inayomwambia mhudumu wa zahanati goti la aina gani limewekwa, mazoezi gani yaendelee, dalili gani zinataka rufaa ya haraka, na tarehe ya uchunguzi wa mwezi wa 3.

Kumbukumbu za pamoja zina nafasi yake pia. Sweden ilianzisha rejesta ya taifa ya magoti bandia mwaka 1975, na Malawi, nchi jirani isiyo tajiri kuliko Tanzania, ilianza rejesta ya viungo bandia mwaka 2005, jambo linaloonyesha kwamba umaskini si sababu ya kutohesabu. Rejesta inayouliza kuhusu maumivu, usingizi na kuchuchumaa, pamoja na kuuliza kama chuma bado kipo, ingewapa madaktari wa Afrika Mashariki jibu lao wenyewe badala ya kuazima la Ulaya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo imefungua mlango: fiziotherapia na mahudhurio ya baadaye yakihesabiwa kuwa sehemu ya upasuaji wenyewe, familia iliyochangishana kwa ajili ya kisu haitaachwa peke yake pale kisu kinapomaliza kazi.

Hata kabla ya upasuaji kuna wajibu wa kusema ukweli. Mgonjwa anastahili kuambiwa kwamba wengi hupata nafuu kubwa, kwamba takriban mmoja kati ya watano anaweza kubaki na maumivu, kwamba huenda asichuchumae tena, na kwamba mazoezi ya miezi ya mwanzo ni sehemu ya tiba. Anayejua hayo huchagua kwa hiari, huandaa nyumba yake mapema, na maumivu yakibaki hayahesabu kuwa siri ya aibu.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba maumivu yanayobaki baada ya kubadilishiwa goti yana vyanzo vinavyotofautishika, kwamba baadhi yake, hasa maambukizi na damu kuganda, hayavumilii kucheleweshwa, na kwamba mengine hupungua kwa dawa sahihi, mazoezi, mabadiliko ya nyumbani na kusikilizwa. Imeonyeshwa pia kwamba mteremko, choo cha shimo na mafiga ni vipimo halali vya kazi ya daktari, kwa kuwa hapo ndipo goti linapotumika. Kwa mtu wa Kifaru, Usangi au Gonja, hatua ya kwanza haina gharama kubwa: katika mwezi wa 3 baada ya upasuaji, mhudumu wa karibu amuulize kama goti linauma usiku, kama ni la moto au linatoa majimaji, kama linanyooka kabisa, na kama anaweza kufika shambani na chooni bila kusaidiwa, majibu yaandikwe, na jibu lolote lenye wasiwasi lipewe rufaa siku hiyo hiyo. Jamii iliyochanga fedha kumpeleka mtu hospitali ina haki ya kuidai huduma hiyo, na mfumo wa afya uliokubali kumpasua una wajibu wa kuitoa.